Mbegu bora ni ipi: ya mwaka wa neema au ya mwaka wa ukame?

Mwaka 2022 Kenya ilivuna magunia milioni 34.3 ya mahindi. Mwaka uliofuata, kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), mavuno yalipanda hadi magunia milioni 47.6. Mashamba yalikuwa yale yale, wakulima wale wale, na kwa sehemu kubwa mbegu zile zile. Kilichobadilika ni mvua, pamoja na mbolea ya ruzuku ambayo serikali ilikuwa imeanza kuisambaza kwa bei nafuu.

Takwimu hizo zilipotolewa zilipokewa kwa furaha, na ilikuwa haki. Lakini nchi ambayo mavuno yake yanaweza kupanda kwa zaidi ya thuluthi moja katika mwaka mmoja ni nchi ambayo mavuno hayo yanaweza pia kuporomoka kwa kasi iyo hiyo. Wakenya hawahitaji kukumbushwa. Kuanzia mvua za vuli za 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika sehemu kubwa ya maeneo kame. Kufikia mapema 2023 ilikadiriwa kwamba Wakenya milioni 5.4 wangekabiliwa na uhaba mkubwa wa chakula kati ya Machi na Juni mwaka huo.

Baada ya ukame huo mijadala ilijaa mabwawa, mbolea na vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, ambavyo marufuku yake ya 2012 iliondolewa Oktoba 2022 na kuzua kesi mahakamani. Swali moja, la msingi zaidi kwa anayelima kwa kutegemea mvua, halikupewa nafasi: je, mbegu anayouziwa mkulima imepimwa kwa mavuno yake ya mwaka mzuri, au kwa kile inachoweza kuokoa mwaka mbaya?

Ofisi za magharibi ya jiji

Jibu la swali hilo halitafutwi Kitui wala Makueni. Linatafutwa Nairobi, na kwa kweli katika upande mmoja tu wa jiji.

Sera ya kilimo hutungwa Kilimo House, katika barabara ya Cathedral, mwendo mfupi kutoka majengo ya Bunge. Ukielekea magharibi kwa barabara ya Ngong unafika Dagoretti Corner, yalipo makao ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga, inayoiambia nchi lini mvua itaanza na lini itakatika. Mbele zaidi, katika mtaa wa Karen, ndipo lilipo Shirika la Kukagua Afya ya Mimea (KEPHIS), lililoanzishwa 1996, ambalo husimamia majaribio ya kitaifa ya mbegu kabla hazijaruhusiwa kuuzwa.

Katika ukanda wa barabara ya Waiyaki, makao makuu ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) yako Loresho. Kabete kuna maabara za kitaifa za udongo na kilimo, pamoja na bewa la kilimo la Chuo Kikuu cha Nairobi. Uthiru, katika uwanja wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ndiko ziliko pia ofisi za wakfu wa teknolojia za kilimo barani Afrika (AATF), walioratibu mradi wa mahindi yanayostahimili ukame ulioanza 2008.

Kwa hiyo mtunga sera, mtabiri wa mvua, mtafiti na mkaguzi wa mbegu ni majirani. Maarifa wanayo. Pengo lipo kati ya kile wanachokipima na kile kinachomfikia mkulima dukani.

Mtego wa wastani

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, chukua mfano wa hesabu tu. Aina mbili za mahindi zinapandwa katika ekari moja moja kwa miaka minne: mmoja wa neema, mmoja wa kawaida, mmoja mbaya na mmoja mbaya zaidi. Aina ya kwanza inatoa magunia 26, kisha 20, kisha 5, kisha 1. Ya pili inatoa 16, 14, 10 na 8.

Wastani wa aina ya kwanza ni magunia 13 kwa mwaka, na wa pili ni 12. Kwa kipimo cha wastani, ya kwanza ndiyo mshindi, na ndiyo itakayosifiwa kwenye mabango.

Sasa iweke familia katika hesabu hiyo. Familia hiyo inahitaji magunia saba ili kula mwaka mzima. Kwa aina ya pili haijawahi kulala njaa katika miaka yote minne. Kwa aina ya kwanza imepungukiwa mara mbili, na mara ya mwisho imepungukiwa magunia sita. Huo ndio mwaka ambao mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa na watoto kutolewa shuleni. Mshindi wa wastani ndiye aliyeifilisi.

Wapo watakaosema kwamba mkulima angeweza kuweka akiba ya mwaka wa neema. Ni hoja yenye mantiki kwenye karatasi. Lakini mwaka wa neema huwa wa neema kwa majirani wote, na bei ya mahindi huanguka wakati huo huo ambapo karo inadaiwa. Yanayobaki ghalani huliwa na dumuzi. Yasiyokauka vyema huota kuvu wenye sumu ya aflatoksini, iliyowaua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, na wengi kutokana na mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani. Ghala salama ni sehemu ya suluhu, lakini haliwezi kufanya kazi ambayo mbegu imeshindwa kuifanya.

Kipimo chenye historia ya Kitale

Wanasayansi waliutambua mtego huu zamani. Mwaka 1963 Finlay na Wilkinson, waliokuwa wakichunguza shayiri nchini Australia, walionyesha kwamba kila aina ya mbegu inaweza kulinganishwa na hali ya mahali inapopandwa, na kwamba nyingine hupanda na kushuka kwa kasi kuliko wenzake. Mwaka 1966 Eberhart na Russell wa Marekani waliboresha kipimo hicho kwa kutumia mahindi. Walipendekeza kila aina ipimwe kwa mambo matatu: wastani wa mavuno yake, kasi inavyoitikia mazingira yanapokuwa mazuri au mabaya, na kiasi gani tabia yake inatabirika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba huyo Eberhart alifanya kazi Kitale katika miaka hiyo ya 1960, akishirikiana na M. N. Harrison na F. Ogada, na mwaka 1967 watatu hao walichapisha mfumo wa kuboresha mbegu uliotokana na kazi hiyo. Kwa maneno mengine, mmoja wa waasisi wa sayansi ya uthabiti wa mavuno alifanya kazi katika udongo wa Kenya.

Kazi ya Kitale ndiyo iliyoipa nchi mbegu chotara ya H611 mwaka 1964, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine yaliyotoka Ecuador. Zilizofuata katika ukoo huo zilienea kote katika nyanda za juu. H614, iliyotolewa 1986, iliendelea kupandwa na wakulima wengi kwa zaidi ya miongo miwili, ingawa mpya kadhaa zilizoahidi mavuno makubwa zaidi zilikuwa sokoni. Wataalamu wamewalaumu wakulima hao kwa kung’ang’ania ya kale. Huenda lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Mkulima ambaye ameipanda mbegu moja misimu 20 anajua itafanya nini mvua ikichelewa, na maarifa hayo hayapatikani kwenye pakiti ya mbegu mpya.

Wakati Kitale ikihudumia penye mvua, kituo cha Katumani, Machakos, kilichukua njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kilitoa Katumani Composite B, aina inayokomaa haraka na ambayo mkulima anaweza kuhifadhi mbegu yake mwenyewe kwa msimu ujao bila kupoteza sana. Haikuwa na sifa ya kujaza maghala. Kazi yake ilikuwa kumaliza shughuli kabla mvua haijaondoka.

Hindi linavyoshindwa

Mkakati wa Katumani una sababu ya kimaumbile. Mmea wa mahindi huweza kuvumilia kiu ukiwa mchanga, na huweza kuvumilia kiasi punje zinapokwisha kujaa. Kipindi cha hatari ni majuma machache ya kutoa maua. Mbelewele juu ya mmea humwaga chavua kwa siku chache, na nywele za hindi lazima ziwe zimechomoza ili ziipokee. Ukame ukipiga wakati huo, nywele huchelewa. Zinapochomoza, chavua imekwisha kuanguka, na mkulima huvuna magunzi yasiyo na punje ingawa shamba lilikuwa kijani kibichi.

Kutokana na hali hiyo kuna njia mbili za kuupata uthabiti. Ya kwanza ni kuukimbia ukame, yaani kukomaa mapema, kama ifanyavyo Katumani. Ya pili ni kuukabili, kwa kuchagua mimea ambayo nywele zake hazichelewi hata ikiwa na kiu. Njia hii ndiyo iliyofuatwa na watafiti wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano (CIMMYT) pamoja na wenzao wa humu nchini, ambao huko Kiboko, Makueni, huikatia mimea maji makusudi inapokaribia kutoa maua ili waone ipi itasimama. Chotara za kwanza za mradi ulioratibiwa kutoka Uthiru, zilizopewa jina la DroughtTEGO, ziliidhinishwa nchini mwaka 2013.

Hata hivyo mvua si adui pekee. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi, unaosababishwa na virusi viwili vinavyoshirikiana, uligunduliwa Bomet na kuangamiza mashamba mazima, yakiwemo yenye mvua ya kutosha. Mbegu isiyotetereka kwa kiu inaweza kutetereka kwa maradhi. Ndiyo sababu uthabiti hauwezi kutangazwa kwa neno moja kwenye pakiti. Sharti uonyeshwe kwa matokeo ya mahali pengi na misimu mingi.

Misimu miwili inatosha?

Hapa ndipo utaratibu wa Karen unapopaswa kutazamwa kwa makini. Chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, aina mpya ya mahindi hupitia majaribio ya kitaifa katika vituo mbalimbali kwa angalau misimu miwili. Ili iidhinishwe, hutarajiwa kuishinda mbegu iliyopo ya kulinganishia, au kuwa na sifa maalumu kama vile kustahimili ugonjwa fulani.

Utaratibu huu umewakinga wakulima dhidi ya mbegu za ovyo, na hakuna sababu ya kuubeza. Vituo vingi husaidia kuziba upungufu wa miaka, kwa kuwa katika msimu mmoja huenda mvua ikanyesha Embu na kukosa Machakos. Lakini misimu miwili inaweza kuwa misimu miwili mizuri. Mbegu iliyojaribiwa kabla ya vuli ya 2020 ingeweza kupita mtihani wake wote bila kukutana na hali iliyowakumba wakulima kwa misimu mitano iliyofuata.

Tatizo la pili ni la mawasiliano. Mkulima anapoingia dukani, pakiti na bango humweleza siku za kukomaa, mwinuko unaofaa na magunia anayoweza kuvuna. Neno “anayoweza” ndilo linalobeba mzigo wote. Ni mavuno ya shamba lililotunzwa vyema na mvua iliyonyesha kwa wakati. Mavuno ya kituo kilichofanya vibaya zaidi katika majaribio, ambayo ndiyo habari muhimu kuliko zote kwa mtu wa Mwingi au Kibwezi, hayamo.

Zamani pengo hilo lilizibwa kwa kiasi na maafisa wa kilimo wa nyanjani. Tangu ugatuzi uanze 2013, kazi hiyo iko mikononi mwa kaunti, ilhali utafiti na ukaguzi wa mbegu vimebaki kwa serikali ya kitaifa. Matokeo yanayozalishwa upande mmoja wa Nairobi sharti yavuke kutoka ngazi moja ya serikali hadi nyingine kabla ya kumfikia anayeshika jembe, na njiani mengi hupotea.

Funzo kutoka kwa haradali

Kenya si nchi ya kwanza kukutana na swali hili. Nchini India, haradali ni zao kubwa la mafuta ya kupikia, na jimbo la Rajasthan, lenye maeneo makavu, ni miongoni mwa wakulima wake wakuu. Mashamba mengi hupandwa baada ya mvua kubwa kwisha, mmea ukiishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Watafiti wa huko, wakiwemo wa kituo cha taifa cha haradali kilichoko Bharatpur, hujaribu aina zao katika mashamba yenye maji na yasiyo na maji, na kipimo cha Eberhart na Russell kimetumika mara nyingi katika kuzichambua. Matokeo hutenganisha mbegu ya mwenye kisima na mbegu ya asiye nacho.

Funzo hilo lina maana hapa kwa sababu zaidi ya moja. Kenya huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia kutoka nje, hasa ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia, huku kanola, jamaa ya haradali, ikilimwa kwa mvua sehemu za Timau na Nanyuki. Kanzira, mboga inayopendwa magharibi mwa nchi na kuuzwa katika masoko ya Nairobi, ni haradali ya Ethiopia kwa ukoo. Iwapo mazao haya yatapanuliwa ili kupunguza uagizaji, swali la uthabiti litajitokeza upya, na itakuwa hasara kulijibu kwa wastani kama ilivyokuwa kwa mahindi.

Hoja za upande wa pili

Uthabiti nao una mitego yake. Mbegu inayotoa magunia matatu kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, ni thabiti kabisa na haina faida. Mkulima wa Trans Nzoia mwenye mvua ya kutegemewa na mbolea ya kutosha anahitaji mbegu inayoitikia matunzo, na taifa linahitaji ziada yake ili kulisha miji. Kumlazimisha apande mbegu ya Katumani kungekuwa kumwadhibu kwa bahati yake njema.

Wenye kampuni za mbegu pia wana hoja. Kurefusha majaribio hadi misimu minne au mitano kutaongeza gharama na kuchelewesha mbegu nzuri, na mkulima ndiye atakayelipa kwa njia zote mbili.

Hoja hizi ni za kweli, lakini zinaonyesha tu kwamba hakuna mbegu moja bora kwa nchi nzima. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na kilimo chake karibu chote hutegemea mvua. Mradi wa Galana Kulalu, uliozinduliwa 2014 kwa ahadi ya kumwagilia ekari milioni moja, umeonyesha jinsi ilivyo vigumu kuibadilisha hali hiyo kwa tamko. Maadamu mvua ndiyo tegemeo, anayelima penye mvua ya kubahatisha anastahili kuambiwa habari tofauti na zile za anayelima penye mvua ya uhakika.

Bili hufika Kangemi

Mkazi wa jiji anaweza kudhani kwamba haya ni ya wakulima. Unga humkumbusha vinginevyo. Mei 2017, baada ya mavuno mabaya, serikali ililazimika kutoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa Sh90. Julai 2022, pakiti hiyo ilipopita Sh200, ruzuku nyingine ilitangazwa ili iuzwe kwa Sh100, na utawala mpya ulioingia Septemba mwaka huo ukaachana na ruzuku ya unga na kuelekeza fedha kwenye mbolea. Mara zote mbili aliyelipa ni mlipa ushuru, na aliyepanga foleni ni mkazi wa Kangemi na Kawangware, mitaa iliyo hatua chache kutoka Loresho na Kabete.

Mbolea ya bei nafuu husaidia, lakini katika msimu usio na mvua mbolea hulala udongoni kando ya mbegu iliyokauka. Anayepewa mbolea bila kupewa habari za mbegu anaongezewa gharama ya kupoteza.

Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya wala mkopo. Matokeo ya majaribio ya kitaifa yachapishwe kwa kila kituo na kila msimu, kwa Kiswahili, yakionyesha wastani na pia mavuno ya chini kabisa. Kaunti zipewe orodha za mbegu kulingana na mvua ya maeneo yao, zikiandamana na utabiri wa Dagoretti Corner kabla ya kila msimu. Aina zilizokwisha kuidhinishwa ziendelee kufuatiliwa, ili mwaka wa ukame uwe mtihani wenye kumbukumbu badala ya kuwa msiba unaosahaulika mvua zikirudi.

Mbegu za kienyeji nazo zisiachwe nje ya mizani. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vilivyowatishia wakulima kwa adhabu kwa kubadilishana na kuuziana mbegu zisizosajiliwa. Hazina ya taifa ya mbegu huko Muguga, ng’ambo kidogo ya mpaka wa jiji, inahifadhi takriban sampuli 50,000. Miongoni mwake zimo zilizopita katika mikono ya vizazi vilivyozoea ukame, na uthabiti wake unaweza kupimwa kwa mizani ile ile ya chotara za kampuni.

Msimu mwingine mbaya utakuja, kama ulivyokuja 2011, 2017 na 2022. Siku utakapofika, mkulima wa Mwingi atakuwa amekwisha kupanda. Kilicho ndani ya pakiti aliyoinunua kitakuwa kimeamuliwa miaka kadhaa kabla, katika ofisi za Karen na Loresho, kwa kipimo ambacho yeye hajawahi kuonyeshwa.